Mchango wa Mazombi

Mtu wa kwanza kutupa pesa taslimu alikuwa mama anayeuza mahamri na mbaazi karibu na stendi ya matatu hapa Malindi. Tulisimama mbele yake watatu, na karatasi ya mchango mkononi, na simu yenye picha ya mwenzetu tuliyempaka unga na rangi ya chakula mpaka akafanana na maiti. Mama aliitazama ile picha kitambo, akapangusa mikono kwa leso, akauliza:

"Hao wafu wenu wakiamka, wataka nini?"

"Wanakula watu, mama," mwenzangu akajibu, akicheka kidogo.

"Ala. Kumbe walikufa na njaa."

Hakuwa anauliza. Alitoa shilingi 50, akasema tuandike "Mama Mbaazi", inatosha, kisha akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja. Sisi tulitembea mpaka upande wa bahari bila kusema neno.

Kama wewe si mtu wa huku, labda hujaelewa tulinyamaza kwa nini. Malindi ndio mji ambao, kuanzia Aprili 2023, miili ilikuwa ikiletwa kutoka msitu wa Shakahola. Zaidi ya watu 400 walifukuliwa kule. Wengi walikufa kwa kufunga kula, watoto wakiwemo, baada ya kuambiwa kwamba njaa ndiyo njia ya kukutana na Mungu. Mochari ya hospitali ilijaa. Jamaa walitoka sehemu mbalimbali za Kenya wakaja kutoa sampuli za DNA, na miili ya kwanza ilikabidhiwa wenyewe Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Katika mji huo ndimo sisi, wanafunzi watano wapenda filamu za kutisha, tulikuwa tukizunguka kuomba pesa ya kutengeneza maiti wenye njaa.

Na naapa hatukuwa tumeliona hilo. Si kwamba tulisahau Shakahola. Nani huku angesahau? Ni kwamba zombi, kichwani mwetu, alikuwa mtu wa Marekani. Alitoka kwenye skrini, akaishi kwenye skrini. Haikutupitia akilini kwamba angeweza kuwa na jamaa zake hapa nyumbani.

Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika kumi na mbili. Ni mwaka 2071, bahari imepanda, kampuni moja ndiyo inayomiliki maji yote matamu, na usiku wafu wanatoka kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni wakielekea mjini. Mahali penyewe hapahitaji kupambwa. Ni chumvi nyeupe mpaka macho yachoke, na ukifika Ngomeni unaona baharini majukwaa ya chuma ambako Waitaliano walikuwa wakirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu, ikapewa jina Uhuru. Sasa yale majukwaa yamesimama tu pale yakipigwa na mawimbi. Kwa mtu mwenye kamera ya kukodi, hiyo ni seti ya mamilioni uliyowekewa bure.

Lakini kamera ya kukodi si bure. Bajeti yetu ilikuwa hivi: kamera na lenzi siku tatu, 27,000. Vifaa vya sauti, 9,000. Usafiri, 12,000. Mekapu, 6,500. Vibali, 7,000. Chakula cha watu 25 kwa siku tatu, 300 kwa kila mtu kwa siku, 22,500. Jumla 84,000. Hebu ona kitu kinachochekesha: katika filamu ya wafu, gharama kubwa baada ya kamera ni kulisha walio hai.

Tukafungua nambari ya kupokea pesa kwa simu, tukaandika ujumbe wa WhatsApp, tukautuma kwenye magrupu. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kitu ambacho darasani hakifundishwi.

Ami yangu ndiye aliyejibu mapema kuliko wote, tena kwa sauti, dakika mbili na nusu. Alisema hivi: kila siku simu yake yaleta mchango. Huyu ana matanga, yule mtoto wake amelazwa, yule mwingine amepata shule lakini karo hana. "Na wewe mwanangu, ambaye mamako twamjua alivyohangaika kukusomesha, waja kwetu wataka pesa ya mazombi. Huoni haya?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, kwa sababu hoja yake ina uzito. Shilingi 500 ni zile zile. Zikija kwangu, haziendi kwa mtoto aliyelazwa. Huwezi kuikwepa hesabu hiyo kwa kusema "sanaa nayo ni muhimu". Muhimu kwa nani, na kuliko nini? Mtu aliyewahi kuketi kwenye benchi la hospitali akingoja bili ipungue hawezi kutulizwa na sentensi kama ile.

Nilikaa na maneno ya ami siku kadhaa. Kisha nikakumbuka kwamba mwezi uliotangulia ami huyo huyo alichanga 3,000 za harusi. Hakuna aliyekuwa mgonjwa pale. Zililiwa pilau, zikalipa mashine ya muziki, zikakodi mahema, watu wakacheza hadi usiku wa manane. Hakuna aliyesimama kwenye ule uwanja akauliza kuna watoto wangapi wasio na karo. Kwa hivyo si kweli kwamba sisi huchangia dhiki peke yake. Huchangia kile tunachokiona ni chetu. Msiba ni wetu, harusi ni yetu. Swali halisi la ami, nyuma ya lile la haya, lilikuwa: hii filamu ni ya nani?

Na kusema kweli, wakati ule ilikuwa yetu watano tu. Tulikuwa tunaomba watu walipie kitu chetu huku tukikiita chao.

Najua neno harambee limechoka. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta alilifanya mwito wa taifa, na kwa mwito ule watu walijenga shule kwa mikono yao na senti zao. Baadaye likageuka jukwaa la wakubwa kuonyesha bahasha nene, mpaka Julai 2024, baada ya maandamano, Rais akapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Lakini wiki zile zile vijana wa rika letu walikuwa wakichangishana mamilioni ya shilingi kwa simu kulipia hospitali na mazishi ya waliopigwa risasi. Kuchanga kwenyewe hakukuwa kumeharibika. Kilichokuwa kimeoza ni ile tabia ya mtu mmoja kutoa sana ili wengine wanyamaze.

Hilo la mwisho tulilikuta wenyewe. Msaidizi wa mheshimiwa mmoja alituambia bosi wake angetoa chakula cha siku zote tatu, mradi waigizaji wetu wavae fulana zenye picha yake. Tulicheka mpaka machozi. Yaani mazombi arobaini, macho yamewatoka, wanatembea usiku wakiwa na sura ya mheshimiwa kifuani. Mmoja wetu akasema hiyo sasa si hadithi ya kubuni, ni taarifa ya habari. Tukakataa bila hata kupiga kura.

Kura ilikuja na pesa ya pili.

Kuna mtu aliyeona tangazo letu mtandaoni, anaishi ng'ambo, anapenda filamu na anazijua. Aliandika kwa heshima. Angetoa shilingi 40,000, karibu nusu ya bajeti, kwa sharti moja: filamu iitwe ya Shakahola. Hadithi tusiibadilishe sana. Kwenye bango tu na kwenye maelezo iandikwe kwamba imetokana na mambo ya kweli. Kwa jina hilo, akasema, tamasha za nje zitaipokea. Na pengine hakukosea.

Tulikutana nje ya bweni la mwenzetu, tukakaa mpaka saa sita usiku. Nitasema ukweli hapa, maana insha hii haina maana nikijifanya mtakatifu. Mimi nilipiga kura tuichukue. Hoja yangu ilikuwa hii: sisi ni watoto wa hapa. Kama kuna mtu mwenye haki ya kusimulia Shakahola, ni mtu wa hapa, si mwandishi wa habari aliyekuja na ndege akaondoka na ndege. Tena kunyamaza kuna dhambi yake. Mambo yale yalifika pale yalipofika kwa sababu watu wengi walijua kidogo na wakanyamaza kidogo.

Mwenzetu mmoja, ambaye huwa haongei sana, aliuliza swali moja tu. "Hilo bango, ungelibandika pale kwa Mama Mbaazi?"

Nikasema bango linaenda ulaya, haliendi kwa Mama Mbaazi.

"Basi ushajijibu," akasema.

Tulishindwa kura tatu kwa mbili. Nilirudi kulala na hasira, nikihesabu 40,000 ambazo hazitakuja.

Ilinichukua muda kuelewa nilikosea wapi. Haki ya kusimulia ninayo, bado naamini hivyo. Lakini sisi hatukuwa tumesimulia Shakahola. Hatukumhoji mtu, hatukukaa na familia hata moja, hatukujua hata jina moja la waliokufa. Tulikuwa na hadithi ya chumvi na maji ya mwaka 2071, na tulitaka kuibandika jina la wafu wa watu kama vile dukani wanavyobandika bei. Kuna kusema juu ya wafu, na kuna kuuza kwa kutumia wafu, na tofauti yake huwezi kuiona ukikodolea bango macho. Utaiona ukijiuliza ni nani usiyetaka alione.

Na sitaki mtu aseme nimehitimisha kwamba pesa ya mbali ni haramu na ya karibu ni halali. Pesa ya mheshimiwa ilitoka mtaa wa pili. Na Wanuri Kahiu alipotengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya Kenya iliyopelekwa baadaye kwenye tamasha la Sundance, sehemu ya pesa ilitoka Marekani na sehemu Goethe-Institut, na bado ile ni filamu yake: dunia isiyo na maji, mwanamke mmoja na mche mmoja. Kahiu huyo huyo amekuwa akitetea sanaa ya Kiafrika yenye raha, isiyolazimika kubeba vita na ukimwi na njaa ndipo ihesabike. Nilipomsikiliza nilielewa kitu kuhusu zile 40,000. Yule mtu hakuwa mbaya. Alikuwa tu haamini kwamba vijana wa Malindi wanaweza kuogopesha watu kwa kitu walichokibuni. Alitaka maumivu yetu kama stakabadhi.

Uganda wana mfano mwingine. Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? pale Wakaliga, kitongoji cha Kampala, mwaka 2010, kwa bajeti ambayo Nairobi ingelipia chai ya mkutano mmoja. Mwaka 2015 wao wakaomba mchango mtandaoni: dola 160 tu. Wakapata zaidi ya dola 13,000. Nakipenda kisa hicho, hasa ile hesabu ya 160. Waliomba kiasi cha kazi iliyokuwa mbele yao. Hawakuomba kwa kutumia ufukara wao, japo wangeweza. Waliomba kwa kutumia vichekesho vyao.

Hata babu wa mazombi wote wa sinema alizaliwa kwenye mchango. Night of the Living Dead ya mwaka 1968, George Romero na wenzake kule Pittsburgh, ilianza na watu kumi waliotoa dola 600 kila mmoja. Kisha jina la filamu likabadilishwa, na katika kubadilisha, alama ya hakimiliki ikaachwa nje kwenye nakala. Filamu ikawa mali ya umma, na pesa nyingi iliyoingia duniani kote ikawapita walioianzisha. Mi nikisoma hayo huwafikiria wale kumi. Walichangia kitu ambacho dunia nzima imekula.

Sasa nirudi kwa Mama Mbaazi, maana ndiye aliyetuvunjia skripti.

Baada ya kura tulikaa tena na ile hadithi, na sentensi yake haikutoka kichwani. Kumbe walikufa na njaa. Katika skripti yetu wafu walikuwa na njaa kwa sababu mazombi wote huwa na njaa, basi. Mmoja wetu akaenda kusoma zombi alitoka wapi kabla ya Marekani. Alitoka Haiti, enzi za utumwa chini ya Ufaransa. Na zombi wa mwanzo hakuwa anakula mtu. Alikuwa mtu aliyekufa akaamshwa arudi kazini. Hofu ya mtumwa ilikuwa hiyo: kwamba hata kifo hakitamwondoa shambani. Watanzania wenyewe wanalo neno msukule, na ukimweleza bibi yeyote wa pwani kuhusu mfu anayelimishwa usiku, hatakuuliza umeitoa filamu gani.

Kumbuka pia kwamba hapa Malindi, katika karne ya 19, mashamba ya mtama na ufuta yalilimwa na watumwa, na waliotoroka walikimbilia bara, mahali kama Fuladoyo. Utumwa kisheria ulikomeshwa pwani hii mwaka 1907. Babu wa babu tu. Kwa hivyo zombi hakuwa mgeni kamwe. Alikuwa amesafiri, amevaa nguo za Marekani, amerudi, na sisi watoto wake tukampokea kama mtalii.

Tukaandika upya. Wafu wetu hawali mtu. Wanatoka kwenye chumvi baada ya zamu, wanatembea hadi mjini, wanabisha milango. Hawana wanalotaka kuvunja. Wenye nyumba wamejifungia ndani, wanatetemeka, na filamu nzima ni ile milango.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho Kiswahili kilikuwa nacho muda wote. Tunasema mtu amechangia pesa, na tunasema mtu amechangia mada. Watu wakitumia kisima kimoja twasema wanakichangia. Ni neno lile lile. Anayetoa shilingi yake amepata zamu ya kusema, na kitu chenyewe sasa mko nacho pamoja. Huwezi kuipokea shilingi ukakataa neno. Jibu la swali la ami, kuhusu kuomba pesa ya sinema katikati ya dhiki, nafikiri linaanzia hapo. Unaweza kuomba, bila haya, ikiwa uko tayari kuulizwa na yeyote aliyetoa, aliyetoa 20 sawa na aliyetoa 5,000, na ikiwa jibu lake linaweza kukubadilisha. Kama unataka pesa tu na hutaki swali, basi uza kitu. Usiite mchango.

Ndiyo maana zile 40,000 na zile fulana zilikuwa kitu kingine. Kule mtu mmoja alikuwa ananunua neno la mwisho. Mama Mbaazi alinunua nini? Hakununua. Alisema alichokiona, akarudi kwenye sufuria yake.

Hesabu ya mwisho, kwa sababu tuliahidi kuisema hadharani: watu 187, jumla shilingi 61,400. Hatukufika 84,000, tukakata siku ya tatu. Kamera 18,000, sauti 6,000, usafiri 8,000, chakula 15,000, mekapu 6,500, vibali 7,000. Zikatoka 60,500, zikabaki 900. Ami alituma 1,000, na sauti nyingine ya dakika mbili akisema bado hajaelewa. Nampenda kwa hilo.

Tulionyesha filamu kwa waliochanga kabla ya mtu mwingine yeyote, shuka jeupe ukutani na projekta ya kuazima. Zile 900 tulinunua mahamri ya wageni, kwa Mama Mbaazi mwenyewe, na hakutupunguzia hata shilingi. Alikuja, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Jina lake lilipopita kwenye orodha watu walipiga makofi, yeye akajifanya hakuliona.

Watu walipoanza kutoka nilimfuata, nikamuuliza ameionaje.

"Yatisha," akasema. Akafikiri. "Lakini wale watu walobisha, mbona hakuna alowafungulia?"

Nikamweleza kwamba ni dakika kumi na mbili tu, mama, hatukuwa na muda.

"Mlango kuufungua wachukua muda gani?"

Tangu siku ile nimemtengenezea majibu mengi, ya kisanii na ya kisiasa. Sijampelekea hata moja. Kila asubuhi napita pale, nanunua mahamri mawili na mbaazi, namwamkia, ananiitikia, na nahisi bado nina deni lake, na si zile 50.